Dhahabu ya kuchovya na munyu wa Amu: namna ya kutunza plagi za mtambo wa muziki

Ami yangu alirudi kutoka Uarabuni na kebo ya umeme nene kama kidole gumba, pini zake zinameta kuliko bangili za bibiharusi. Akaichomeka nyuma ya amplifaya, akaweka taarab ya zamani, akajilaza ukumbini. Siku ile alisema sauti imepata joto. Kusi ikaja, ikapita, akaniita. Spika zilikuwa zinakwaruza, na ukiigusa kebo kidogo tu muziki unakatika kisha unarudi.

"Dhahabu haili kutu, mwanangu," akaniambia. "Basi kebo haina neno. Fungua spika uangalie."

Nilimwomba radhi, nikazima swichi ya ukutani, nikachomoa plagi. Pini zake zilikuwa bado na rangi ya dhahabu sehemu kubwa, ila zimetoka vipele vya kijani. Ndani ya soketi hali ilikuwa mbaya zaidi: vile vibamba vinavyoishika pini vilikuwa vimevaa ukungu mzito wa kijani, na kimoja kimelegea hata pini ilikuwa inacheza.

Tangu siku hiyo nimefungua plagi nyingi za Mkomani, Langoni na Shela, hapa kwetu Amu (Lamu), na ninaloliamini ni hili: rangi ya pini ya umeme haiongezi wala haipunguzi kitu katika muziki. Kinachoharibu muziki ni mgusano mbaya, yaani pini isiposhikwa barabara na soketi, au baina yao pakiingia kutu. Mahali pakavu mtu anaweza kuisahau habari hii miaka mingi. Amu, ambako munyu uko hewani usiku na mchana, mchovyo wa pini, yaani utando wa metali uliowekwa juu yake, ni suala la plagi itaishi muda gani. Yafuatayo ndiyo nifanyayo kwangu na kwa wanaoniita. Aliye Malindi, nyumba ikitazama bahari, afanye vivyo hivyo.

Hatua ya kwanza: fuata safari ya umeme kabla hujatoa pesa

Umeme wetu ni wa volti 240 na hezi 50. Kufika kwako umepita laini kubwa ya kilovolti 220 inayotoka Rabai kupitia Malindi na Garsen, ukapita transfoma, nguzo, mita, na nyaya zilizochimbiwa ndani ya kuta za matumbawe. Kebo unayoiona nyuma ya mtambo ni mita moja au mbili za mwisho.

Tena umeme huo haufiki kwenye spika ukiwa vile ulivyo. Ndani ya amplifaya transfoma huupunguza, daiodi huugeuza uende upande mmoja, kisha makapasita makubwa huuhifadhi. Muziki huchotwa kutoka kwenye makapasita. Ni kama birika la msikiti: anayetawadha huchota birikani, na maji ya birika hayaulizi yalimiminwa kwa ndoo ya bati au ya shaba, mradi birika halijakauka.

Sasa tupige hesabu. Amplifaya inayokula wati 100 huvuta karibu ampea 0.42. Mgusano safi wa plagi una ukinzani, yaani kizuizi cha umeme, mdogo sana, tuseme omu 0.005 (omu ni kipimo cha ukinzani). Kwa mkondo huo, volti inayopotea hapo ni 0.002. Badili pini ya nikeli uweke ya dhahabu, utabadilisha sehemu ya hiyo 0.002. Na jioni, watu wakirudi nyumbani, wakiwasha pasi, majiko na feni, mita yangu huonyesha volti kumi pungufu ya mchana, na siku nyingine zaidi. Volti kumi ni mara elfu tano ya ile 0.002. Kama sikio linasikia tofauti ya mchovyo kwenye umeme, lingepaswa kulia kila magharibi. Amplifaya iliyotengenezwa vizuri haishtuki kwa yote mawili.

Hesabu hubadilika mgusano ukioza. Kwanza, pini ikilegea hupiga cheche ndogondogo, na cheche ni kelele: hupita kwenye transfoma na hewani, nawe husikia mkwaruzo. Pili, kutu huleta joto. Mgusano wenye ukinzani wa omu 1 hautaumiza amplifaya ya ampea 0.42. Lakini mtu akiweka birika la umeme la wati 2000 kwenye soketi hiyohiyo, mkondo ni zaidi ya ampea 8, na penye kutu pale patazaa joto la karibu wati 69. Hilo ni joto la balbu ya zamani iliyofungiwa ndani ya plastiki. Ndipo plagi huwa kahawia, kisha hunuka. Nyumba zetu zimebanana na dari zake ni za boriti, kwa hiyo naomba jambo hili lichukuliwe kwa uzito kuliko habari ya sauti.

Hatua ya pili: zijue metali kwa tabia zake

Wauzaji wa vifaa vya muziki husema dhahabu ina sauti ya joto, rodiamu ina sauti kali na wazi, fedha ina sauti laini. Kampuni za Japani kama Furutech na Oyaide hutengeneza plagi za aina hizi, tena kwa ustadi mkubwa, vibano vyake vimekaza. Ukaze huo una thamani. Habari ya joto na ukali ni nyingine.

Tazama metali zenyewe zinavyopitisha umeme. Ukinzani wa fedha ni karibu nano-omu mita 16, wa shaba 17 (namba ikiwa ndogo, umeme hupita vizuri zaidi). Dhahabu iko kati ya 22 na 24, rodiamu imezidi 40, nikeli iko karibu 70. Kwa hiyo dhahabu hupitisha umeme vibaya kuliko shaba safi! Wengi hawaamini nikiwaambia. Dhahabu haikuchaguliwa kwa kupitisha umeme, ilichaguliwa kwa sababu haigeuki. Na mchovyo wenyewe ni mwembamba mno: wa bei rahisi hauzidi sehemu ya kumi ya mikromita (mikromita ni sehemu moja ya elfu ya milimita), ilhali unywele wa mtu una makumi ya mikromita. Hata nikeli, iliyo na ukinzani mkubwa, ukiichovya kwa unene wa mikromita 5, kwenye eneo la milimita moja ya mraba haifiki nusu ya sehemu moja ya milioni ya omu. Hakuna sikio hapo.

Kwa upande wa munyu, kila metali ina yake.

Shaba ya manjano tupu, isiyochovywa, ndiyo uti wa karibu kila plagi. Ni ile tunayoijua kwenye dele la kahawa. Ikiachwa hewani hufifia, kisha huwa ya kijani. Kila mwenye dele anajua dawa yake ni ndimu, na nitaieleza ndimu baadaye kwa sababu kwenye plagi ina hatari.

Nikeli ni ile nyeupe yenye kung'aa kidogo. Ni ngumu, ni rahisi, na hustahimili munyu vizuri ikiwa mchovyo haujakwaruzwa. Nyumbani kwangu plagi zote za ukutani ni za nikeli.

Fedha kila mtu ameiona kwa mafundi wa fedha wa Usita wa Mui, njia kuu ya mji wa Amu: pete ikikaa wiki chache hufanya weusi. Weusi huo unatokana na salfa iliyo hewani. Kwenye volti 240 hautakuzuia, lakini nakushauri usiinunue kwa ajili ya plagi.

Rodiamu ni ndugu wa platinamu. Ni ngumu sana, haifanyi weusi, na vito vingi vya dhahabu nyeupe huchovywa kwayo. Munyu hauipati. Bei yake ni kubwa, na kama pesa hiyo ingetosha kubadilisha soketi nne za nyumba, anza na soketi.

Dhahabu nimeiacha mwisho kwa sababu ndiyo yenye mtego. Dhahabu yenyewe haili kutu, ami alisema kweli. Lakini mchovyo mwembamba una vitundu visivyoonekana kwa macho. Maji ya munyu hupenya vitundu hivyo yakaikuta shaba chini, na hapo ndipo vipele vya kijani hutokea. Fundi mwaminifu huweka kwanza nikeli, kisha dhahabu juu yake, na huiweka nene, nusu mikromita au zaidi. Anayetaka kukuuzia rangi tu huichovya mara moja juu ya shaba, basi.

Na mtego haujaisha. Metali mbili zisizolingana zikikutana penye maji ya munyu, ile dhaifu huliwa haraka kwa ajili ya ile yenye nguvu. Mabaharia walilijifunza hili kwa hasara. Mwaka 1761 manowari ya Uingereza iitwayo HMS Alarm ilivikwa bamba za shaba ili wadudu wasile mbao. Baada ya miaka miwili ilipokaguliwa, misumari mingi ya chuma iliyogusana na shaba ilikuwa imeliwa vibaya. Iliyosalia nzima ni ile iliyokuwa na karatasi kati yake na shaba, kwa kuwa metali mbili hazikugusana. Pini yako ya dhahabu nayo imeingia ndani ya soketi yenye vibamba vya shaba ya manjano. Ukungu wa bahari ukitanda juu yake, dhahabu hukaa salama, na kinacholiwa ni soketi. Hivyo ndivyo ilivyokuwa kwa ami: kebo nzuri iliharakisha kifo cha soketi yake.

Kwa hiyo kanuni yangu ni kulinganisha. Soketi ya kawaida, plagi ya nikeli. Ukitaka dhahabu, iwe nene, na iwe pande zote mbili.

Hatua ya tatu: kagua

Zima swichi ya soketi, chomoa plagi, na usubiri. Kifuniko cha amplifaya usikifungue kwa kazi hii, kwa sababu yale makapasita hubaki na umeme hata baada ya kuchomoa.

Anza na pua. Plagi iliyowahi kupata joto ina harufu ya samaki aliyeoza au ya plastiki iliyoungua. Kisha tazama: kahawia pembeni mwa tundu, weusi kwenye pini, kijani, unga mweupe. Kisha mkono: chomeka na uchomoe ukiwa umezima. Plagi njema hugoma kidogo. Ikiingia kama kisu kwenye samli, vibamba vya soketi vimechoka, na hakuna mchovyo duniani utakaovifufua.

Chukua sumaku ndogo. Pini ya shaba ya manjano haivutwi. Iliyochovywa nikeli yaweza kuvutwa kwa udhaifu mno, karibu usihisi. Ikinasa kwa nguvu, umeuziwa chuma kilichopakwa rangi, tupa. Nimekuta plagi za namna hiyo zenye rangi ya dhahabu safi kabisa.

Sasa fungua plagi yenyewe. Hapa ndipo watu hawafiki. Plagi yetu ya pini tatu ina fyuzi ndani, na vile vibano viwili vinavyoishika fyuzi mara nyingi ndivyo vyenye kutu kuliko pini zote. Pini inasuguliwa kila unapochomeka, lakini fyuzi imekaa pale tangu plagi itoke dukani. Umeme wote unapita hapo. Nimewahi kubadilisha fyuzi ya shilingi chache na mkwaruzo ulioitwa "ugonjwa wa amplifaya" ukakoma papo hapo. Ukikuta waya au karatasi ya kung'aa ya pakiti ya sigara imewekwa mahali pa fyuzi, usiendelee kuitumia hata dakika moja.

Tazama pia skrubu. Waya wa kahawia huenda upande wa fyuzi, wa buluu upande wa pili, wa kijani na manjano kwenye pini ndefu ya ardhi. Katika nyumba za zamani utakuta nyekundu, nyeusi na kijani. Kaza skrubu zote. Ncha za waya zisiwe zimepakwa risasi ya kulehemu, kwani risasi ni laini, hubonyea polepole chini ya skrubu, na baada ya miezi michache waya unacheza.

Hatua ya nne: safisha

Dawa ya kwanza haina gharama. Ukiwa umezima swichi, chomeka na uchomoe plagi mara tano au sita. Msuguano huo huondoa utando mwembamba. Ukifanya hivyo kila mwezi umeshamaliza nusu ya kazi.

Pini zilizochovywa, iwe nikeli, dhahabu au rodiamu, zifute kwa kitambaa cha pamba kilicholoweshwa isopropili safi. Spiriti nyingine za dukani zina mafuta ndani, na mafuta hushika vumbi. Usitumie msasa wala kisu. Nimemwona kijana mmoja akisugua pini za dhahabu kwa msasa "zing'ae zaidi". Alimaliza dhahabu yote kwa dakika moja, chini akaiacha shaba tupu yenye mikwaruzo, ambayo munyu huipenda kuliko kitu chochote.

Sasa ndimu. Kwa pini ya shaba tupu isiyochovywa, ndimu hufanya kazi vilevile kama kwenye dele: asidi yake huila kutu. Lakini pini iwe imetolewa kwenye plagi kabisa, na ikishang'aa ioshwe kwa maji matamu mara mbili, ikaushwe juani, ndipo irudishwe. Asidi ikibaki kwenye pembe itaendelea kula. Pini iliyochovywa usiitie ndimu hata kidogo, maana itapenya kwenye vitundu vilevile vilivyopenyeza munyu. Na ndani ya soketi ya ukutani usitie ndimu, siki, wala maji ya aina yoyote.

Mafuta ya nazi, pia hapana. Najua wazee hupaka vitu vingi nazi visishike kutu, na kwa bawaba za mlango ni sawa, lakini kwenye umeme hugeuka gundi ya vumbi.

Soketi iliyooza haisafishwi, hubadilishwa. Kazi hiyo ni ya fundi mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya kusimamia nishati Kenya, na swichi kubwa ya nyumba izimwe. Mwambie aweke kisanduku cha plastiki ukutani mahali pa kile cha chuma, kwani ukuta wa matumbawe na chokaa hunyonya unyevu na chuma huoza kwa nyuma bila wewe kuona. Mwambie apime na ardhi. Pini ya ardhi ikiwa haijaunganishwa na kitu, mtambo wako waweza kuvuma, na siku moja waweza kukupiga.

Hatua ya tano: ukinunua

Tafuta alama ya KEBS (shirika la viwango la Kenya), fyuzi ya kweli, na pini mbili za chini ziwe na kivazi cha plastiki karibu na mwili wa plagi. Ishike mkononi uone uzito. Fyuzi iwe ile iliyotajwa na mtengenezaji wa mtambo wako. Amplifaya nyingi za nyumbani hutosheka na ya ampea 3 au 5, na ile ya 13 iwe kwa zenye kuhitaji kweli. Upande wa nyuma ya mtambo, kile kichwa chenye matundu matatu kiingie kwa kugoma. Pesa ikikubakia, nunua ekisteni nzuri ya peke yake kwa ajili ya muziki, na usiruhusu pasi wala birika kukaribia.

Adapta za pini mbili ziache. Kijiti cha kiberiti kinachosukumwa kwenye tundu la ardhi ili plagi ya kigeni iingie, hicho nacho kiache leo.

Hatua ya sita: pale dhahabu inapostahili

Kuna mahali nyuma ya mtambo ambapo dhahabu ina kazi ya kweli, na watu wengi huipita wakikimbilia kebo nene. Ni kwenye waya za RCA, zile zinazotoa sauti kwenye CD, redio au simu kwenda kwenye amplifaya.

Sababu ni nguvu. Volti 240 hutoboa utando mwembamba wa kutu bila shida. Lakini mashine ya CD hutoa volti 2 pale muziki unapokuwa mkubwa kabisa, na udi unapopigwa taratibu ni sehemu ndogo sana ya hizo. Sindano ya santuri hutoa kama volti 0.005 tu. Nguvu ndogo hivyo haiwezi kutoboa kutu. Hukatika, au hupita kwa vipande, na hapo unasikia spika moja imenyamaza, au sauti imekuwa kavu, au mvumo. Sikia vizuri: ukizungusha kichwa cha RCA kwa vidole na spika ikarudi, umepata ugonjwa, na si wa umeme.

Hapa dhahabu hulipa. Waya wa RCA uliochovywa dhahabu nene juu ya nikeli, uingie kwenye tundu la dhahabu, na uzungushwe kidogo kila baada ya miezi miwili mitatu, utadumu Amu miaka. Ukiwa na tundu la bati, usilipe kichwa cha dhahabu. Bati na dhahabu havipatani, hasa penye kutikisika. Vivyo hivyo ncha za waya za spika: kata kipande kilichokuwa cheusi, menya upya, kaza. Waya wa spika uliokaa miaka mitano karibu na dirisha la bahari, sentimita mbili za mwisho hazifai tena, na kuzikata ni bure. Kama una pesa ya kitu kimoja tu, itumie hapa.

Hatua ya saba: jaribio la pazia

Baada ya kumweleza ami yote haya, alinitazama kwa upole akasema, "Lakini mimi nilisikia." Sikubishana. Mtu mzima anaposema amesikia, heshima ni kumpa njia ya kupima, na njia hiyo itakufaa nawe kabla hujatuma pesa nje.

Weka kebo mbili, zote safi, zote zimekaa imara. Tundika kanga ifunike nyuma ya mtambo. Msikilizaji akae mahali pake pa kila siku na achague wimbo mmoja anaoujua. Msaidizi arushe sarafu pembeni: upande huu kebo ya dhahabu, upande ule ya kawaida. Azime, achomeke iliyotoka, awashe, aandike kwenye daftari bila kusema. Hata kama sarafu imetoa kebo ileile, aichomoe na airudishe, ili mlio wa mkono usimtoe siri. Kitasa cha sauti kisiguswe. Msikilizaji naye aandike: dhahabu au kawaida. Rudieni mara kumi, mkipumzika katikati kwa kahawa, kwani sikio huchoka.

Halafu fungueni madaftari. Anayebahatisha tu atapata karibu tano. Kupata nane au zaidi kwa bahati hutokea takriban mara moja katika majaribio kumi na nane kama haya, kwa hiyo nane si hoja bado. Kupata tisa au zaidi kwa bahati ni mara 11 kati ya 1024. Ukifika hapo, rudia siku nyingine. Ukifika tena, basi kuna kitu, na uanze kukagua kama moja ya kebo ina pini iliyolegea.

Ami alipata sita. Alikaa kimya kidogo, akachukua daftari langu akahesabu mwenyewe, kisha akaomba turudie kesho yake asubuhi kabla ya kelele za punda. Tukarudia. Akapata nne. Kebo yake hakuitupa, na mimi sikumwambia aitupe: tulibadilisha soketi, tukaweka fyuzi mpya, nikakata ile plagi yenye vipele nikamfungia ya nikeli. Waya wenyewe ni mnene na mzuri, utamfaa siku nyingi. Mkwaruzo umekwisha.

Kalenda

Kazi kubwa ya ukaguzi ifanye mara mbili kwa mwaka: Machi, kabla kusi haijaanza kusukuma unyevu ndani, na Oktoba inapolegea. Kati ya hapo, ile ya kuchomeka na kuchomoa mara sita kila mwezi. Mtambo uliokaa bila kutumika uwashe angalau nusu saa kila wiki, joto lake hukausha ndani. Usiuweke kwenye kidaka cha ukuta unaotazama bahari, hata kama ndipo unapopendeza.

Na kata kipande cha plasta ya kidonda, kibandike mgongoni mwa kila plagi, uandike kwa kalamu mwezi uliosafisha. Ya ami imeandikwa Oktoba.